Kidole cha Mjane wa Songo

"Saini hapa," Komisa Herménégilde, mkuu wa kituo, alisema, akaisukuma karatasi mpaka ikagonga kikombe cha chai cha Zaina.

Zaina Tambwe hakuigusa kalamu. Yeye ndiye aliyekuwa OPJ, mpelelezi wa kituo, na kazi ya kuandika PV, yaani ripoti ya upelelezi wa kesi hii, ilikuwa yake. Lakini karatasi ilikuwa imeshaandikwa kwa mashine, safi, bila kosa hata moja, na chini kabisa kulibaki nafasi ya jina lake tu. Mtu unapikiwa, unatafuniwa, halafu unaambiwa ufungue kinywa umeze.

"Nani aliandika hii?"

"Ni ya kusaidia tu," Komisa alijibu bila kumtazama. "Bwana Hakimu eko na muntu mwenye anajua kuandika vizuri."

Bwana Hakimu (Hakimu ni jina lake, si cheo cha mahakama) alikuwa amekaa karibu na dirisha katika kanzu yake ya Ijumaa, tasbihi mkononi, kama mtu aliyekuja kumjulia mgonjwa hali. Alikuwa katibu wa Umoja wa Hija, chama cha wafanyabiashara Waislamu wa mtaa wa Kimanga wanaoweka akiba ya kwenda Makka. Zamani akiba ilikaa kwenye sanduku la mbao. Siku hizi wananunua hisa katika soko la nje, kwa kutumia programu ya ordinatere, yaani kompyuta, inayochuja makampuni: yote ya pombe, ya nguruwe na ya riba yanatupwa nje. Na wiki hii mji mzima umejua kwamba fedha ya hija imenunua hisa za SOGRALAC, kiwanda cha bonde la Ruzizi kinachopika pombe ya mtama. Watu walisikia habari hiyo wakiwa msikitini. Wazee walilia mbele ya wajukuu wao.

"Ni ule fundi, Jean-Berchmans," Hakimu alisema kwa upole. "Mukristo wa Runingu. Alibadilisha mufumo wa programu juu ya kutuchafua. Minye ile kampuni sikuwahi kusikia hata jina, mpaka imamu aliponiuliza. Dada Zaina, weye ni mutoto wetu. Vijana bako na hasira. Swala ikiisha batakuya hapa, na minye sitaweza kubazuia."

"Ulijaribu kubazuia?"

Hakimu alisogeza punje ya tasbihi.

"Saa zake za kasho zinaisha leo," Komisa alidakia. "Ao anaenda parke, kwa mwendesha mashtaka, na hii PV, ao ninafungua mulango bale vijana bamuchukue. Chagua."

Eti chagua! Mtu wa kufungwa miaka au mtu wa kuchomwa moto, na Komisa anasema kana kwamba anauliza sukari kijiko kimoja au viwili. Zaina alisimama.

"Munipatie mpaka swala itoke."

"Ya nini?"

"Ya kufanya kazi yangu, chef. Mulisahau kuniachia."

Mlangoni mwa kasho, mahabusu ya kituo, alikuwa amekaa mwanamke mwenye sahani iliyofungwa kwa kitambaa. Bernardine, mke wa Jean-Berchmans. Askari alikuwa amemsimamia akisubiri kitu kidogo ndipo sahani ipite.

"Weye!" Zaina alifoka. "Njaa ya muntu ndiyo mushahara yako? Fungua!"

Askari alifungua haraka, funguo zikimponyoka.

Jean-Berchmans alikuwa ameegemea ukuta, paji la uso limevimba. Vijana walikuwa wamevunja siber yake, duka lake la kompyuta, pale Kimanga na kutupa ordinatere zake zote katika mto Kalimabenge, polisi wakitazama. Aliitazama sahani ya bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, akairudisha kwa mkewe.

"Sikuli mu kasho. Nitakula siku nitatoka. Kama hapana, basi."

"Utakula, usijali," Zaina alisema. "Sasa unieleze kama mutoto wa shule. Ile programu inafanya nini?"

"Ni chekeche, mama. Mu soko kuko makampuni mingi sana, muntu hawezi kuyasoma yote. Kila moja inawekwa mu kundi: benki, madini, dawa, pombe. Unaambia programu, toa kundi la pombe, toa benki. Inatoa. Zenye zinabaki, Bwana Hakimu ananunua. Kununua ni kazi yake ya katibu."

"Na kubadilisha mufumo ni nini?"

"Wenye kutengeneza programu walikuwa na mufumo moja wa makundi, sasa waliacha, wakaleta ingine. Makundi mapya, majina mapya. Kampuni kubwa za dunia zinahama zenyewe, juu banazijua. Lakini za huku kwetu nani anazijua? Programu inasimama, inakuuliza: hii niiweke wapi? Muntu anachagua kwa mukono wake."

"SOGRALAC ilikuwa wapi?"

"Mu pombe! Minye mwenyewe niliiweka mu pombe, mu mufumo wa zamani. Nilizaliwa Runingu. Harufu ya kile kiwanda inaingia mpaka mu kanisa. Sasa mu mufumo mupya banasema iko mu chakula cha mifugo."

"Chakula cha mifugo? Kiwanda cha pombe?"

"Juu ya dreshi. Bakisha kuchuja pombe, makapi inabaki, banauzia wenye ng'ombe. Uongo hapana, banauza kweli. Lakini ni sawa na kusema muchinjaji kazi yake ni kuuza ngozi."

Nje, mtu wa mikate alikuwa anapita akipiga honi ya baiskeli.

"Na viwanda vingine vya pombe? Benki? Vilipita mu chekeche?"

"Hapana. Waliniletea ordinatere yao hapa juu ya kunionyesha zambi yangu, nikaangalia. Zote ziko nje. Hata kile kiwanda kidogo cha divai chenye minye nilikuwa nimesahau, kiko nje. Ni SOGRALAC peke yake ilipita."

"Peke yake."

"Peke yake, mama."

Hapo ndipo Zaina alipovuta kigoda akakaa. Kama mashine ingekosea, au mtu angebonyeza asichokijua, pombe zote zingefunguka, na benki pamoja nazo. Ukikuta mbuzi mmoja nje na mlango wa zizi umefungwa, usiniambie ametoroka. Kuna mtu alimnyanyua. Na mtu huyo alijua vizuri sana ni mbuzi gani.

"Sasa unijibu bila kunificha. Weye fundi, unaweza kubadilisha ule mufumo peke yako?"

Jean-Berchmans alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kichungu. "Bo bakubali? Bale wazee? Mama, bako na desturi ya sanduku. Sanduku yao ilikuwa na kufuli tatu, na watu watatu wa funguo. Hakuna mwenye anafungua bila wenzake. Nilipobaletea programu banasema, kufuli zetu tatu ziingie humo ndani, kama hapana hatutaki. Nikazitia. Muzee Abdoul-Karim anaandika neno lake. Bwana Hakimu anaandika lake. Mama Sumaya hajui herufi za Kizungu, anasoma za madrasa tu, basi yeye anaweka kidole gumba, mashine inamujua. Bote watatu wakifungua ndipo unagusa makundi. Bakiandika minye ninageuza mugongo. Kila mara."

"Simu? Kidole kinaweza kupita mu simu?"

"Kidole? Hapana. Ordinatere lazima ikuwe mbele yake, yeye mwenyewe aiguse."

"Inakaa wapi hiyo ordinatere?"

"Mu duka ya Hakimu. Alinipigia simu siku moja, ananiuliza: programu inaomba kubadilisha mufumo, tunafanya namna gani? Nikamwambia, ungoje, siku mutakutana bote watatu nitakuya tufanye pamoja. Hakunipigia tena. Ginsi gani sasa minye niko mwizi?"

Zaina alikuwa ameshafika mlangoni.

Duka la vitenge la Muzee Abdoul-Karim liko Kimanga, katika nyumba waliyoijenga babu zake walipokuja na biashara ya ziwa. Kila mtu anaijua. Mzee alikuwa anampimia mteja kitambaa, na alipomwona Zaina uso ulimkunjamana.

"Mutoto wa Tambwe! Nasikia uko unakataa kusaini. Uko unatetea nani?"

"Shikamoo, baba. Sitetei muntu. Neno lako la kufuli, ulimupatia nani?"

"Sikumupatia muntu! Niliandika mwenyewe mu duka ya Hakimu. Aliniita, anasema mashine inaomba. Niliandika, nikaondoka."

"Na fundi alikuwa pale?"

"Hapana, hakuwako."

"Na Mama Sumaya?"

"Hakuwako. Niliuliza, mbona sisi wawili tu? Hakimu anasema, fundi atamupelekea mashine kule Songo aweke kidole."

"Baba," Zaina alisema polepole, maana alitaka kila neno lifike, "Mama Sumaya eko wapi siku hizi?"

"Si kwake? Eko mu eda. Tulimuzika mume wake, weye mwenyewe ulikuwa kwenye matanga."

"Na siku uliandika neno lako, alikuwa ameshaingia eda?"

"Alikuwa ameshaingia."

"Mwanaume mgeni anaweza kuingia mu chumba cha mujane mwenye eko mu eda?"

Mkono wa mzee ulisimama juu ya kitenge. Mteja alimtazama mzee, akamtazama Zaina, akaamua kutazama barabara.

"Hapana," Abdoul-Karim alisema.

"Mukristo wa Runingu, na ordinatere mukononi, akae karibu naye, amushikishe kidole?"

"Nimesema hapana! Unataka niseme mara ngapi? Wangemufukuza kwa fimbo kabla hajafika mulangoni."

"Basi nani alimupelekea mashine?"

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, jamani, tusimwonee. Ila hasira ilikuwa imemziba masikio wiki nzima. "Labda alituma mwanamuke," alisema mwishowe. "Fundi eko na bibi. Mwanamuke anaweza kuingia."

Hilo lilimuudhi Zaina kwa sababu lilikuwa na akili. Alirudi kituoni mbio juu ya pikipiki, na pale mlangoni Bernardine alikuwa bado amekaa na sahani yake.

"Dada, ulishafika kwa Mama Sumaya wa Songo?"

"Sijawahi. Minye nitafuata nini huko?"

"Panda tuende. Beba na sahani yako. Huko ndani usiseme jina lako mpaka nikuambie. Unasikia?"

"Ninasikia. Lakini juu ya nini?"

"Panda kwanza."

Adhana ilikuwa imeanza walipofika mtaa wa Songo. Chumba cha Mama Sumaya kilikuwa nyuma ya ua, na mlangoni palining'inia pazia zito la kijani. Wote wawili walivua viatu, wakaingia. Mjane alikuwa amekaa mkekani katika nguo isiyo na nakshi, bila wanja, bila bangili. Alimkumbatia Zaina, akalia kidogo kama inavyotakiwa, kisha akamtazama Bernardine.

"Na huyu dada?"

"Ananisindikiza," Zaina alisema.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo. Nitawapatia chai, lakini kavu. Maziwa iko, ila siwezi kumupatia mugeni." Alionyesha birika la plastiki kwenye kona. "Ni ya kaka yangu Hakimu, ya ng'ombe zake za Runingu. Kila asubuhi anakuya kuniamkia na hiyo birika, na kila siku akiondoka ninaimwaga. Inanuka pombe, Mungu anisamehe. Sijamuambia, juu anajihangaisha kwa ajili yangu."

Chai ilikuwa imeshamiminwa, na kikombe cha Bernardine kilisimama katikati ya safari ya kwenda kinywani. Zaina alimkanyaga mguu polepole.

"Mama, pole na kuuliza. Kidole chako uliweka kwenye ordinatere ya Umoja. Nani alikuletea hapa ndani?"

Mama Sumaya aliangalia pazia. Kisha akasema haraka, kama mtoto anayesoma alichokariri: "Bibi ya fundi."

"Bernardine?"

"Ndiye huyo. Alisema bwana yake amemutuma."

"Una hakika, mama? Muntu anaweza kufungwa juu ya neno hili."

"Nina hakika. Alikaa hapo hapo penye huyu dada amekaa. Mwanamuke wa macho ya ujanja, hatulii, anaangalia vitu vyangu."

"Ukimuona tena utamujua?"

"Hata mu katikati ya soko nitamujua!"

Zaina aliweka kikombe chini. "Dada, umuambie mama jina lako."

"Ninaitwa Bernardine," alisema yule mwenye sahani. "Bibi ya Jean-Berchmans. Uniangalie vizuri, mama. Ujanja wa macho yangu uko wapi? Tangu balimufunga bwana yangu ninatembea na hii sahani, hakuli, anasema hatakula mu kasho. Balitupa kazi yake mu muto. Saa hii batu banasali, bakimaliza banaenda kumuua. Na weye umekaa hapa na msiba wako unanitia mu uongo, minye mwenye sijawahi kuvuka hata mulango wako!"

Mama Sumaya alifunika uso kwa mtandio. Huko nje, sauti ya imamu ilikuwa inakuja na kupotea na upepo wa ziwa.

"Nani alikufundisha kusema vile?" Zaina aliuliza.

"Ni mutoto wa mama yangu," mjane alijibu kutoka ndani ya mtandio. "Ni Hakimu. Yeye ndiye alileta ile mashine. Anasema ni makaratasi ya hija ya marehemu, ile tunataka kumufanyia mume wangu. Weka kidole, nikaweka. Nilikuwa ninalia, Zaina, sikuuliza. Juzi akarudi, anasema fundi ameshakiri yote, hakuna muntu atapata shida, weye sema tu ni bibi yake alileta. Nikasema, kaka yangu hawezi kunidanganya nikiwa mu eda."

"Na maziwa je, mama?" Bernardine aliuliza. Hasira yake haikuwa imeshuka, ila sasa ilikuwa imepata njia. "Unajua juu ya nini inanuka? Ng'ombe yake inakula dreshi. Sisi wa Runingu tunaijua ile harufu. Dreshi ikizidi inaingia mpaka mu maziwa. Na dreshi ya kule inatoka kiwanda kimoja tu, SOGRALAC. Iko moto, inanuka, wenye ng'ombe banangoja kwenye mulango ya kiwanda. Hakuna muntu anabeba dreshi bila kujua ni makapi ya pombe."

Mama Sumaya alishusha mtandio taratibu. "Kila asubuhi," alisema. "Kila asubuhi ananiletea hiyo mu eda yangu."

"Asubuhi ya leo ameniambia hajawahi kusikia hata jina la hiyo kampuni," Zaina alisema. "Dada Bernardine, Hakimu anapata faida gani Umoja ukinunua hisa zile?"

"Si anabeba mutama? Gari yake ndiyo inachukua mutama yetu yote ya Runingu, anauzia kiwanda. Nyumbani batu banajua: kiwanda kilisema mwenye ataleta wanunuzi wa hisa, huyo ndiye atabakia kuuza mutama peke yake, wengine batafukuzwa. Hatukujua atawaleta nani."

Atawaleta wazee wa hija. Atawaleta wajane. Zaina alihisi mikono yake inataka kuvunja kitu, akaikunja juu ya magoti. Halafu akatoa simu.

"Chef, umulete Jean-Berchmans Songo, kwa Mama Sumaya. Kwa gari, na askari bote. Ndiyo, sasa. Na muniletee Bwana Hakimu na Muzee Abdoul-Karim. Muwaambie mujane anabaita."

Mjane akiita mtu anakwenda. Swala ilipotoka, ua ulijaa. Hakimu alikuja na kanzu yake nyeupe na vijana nyuma yake, wengine na mawe mifukoni, maana mifuko ilikuwa inaning'inia. Abdoul-Karim alisimama peke yake. Jean-Berchmans alishushwa kutoka kwenye gari katikati ya askari, na kelele zikapanda mpaka Zaina akapanda juu ya ngazi ya mlango.

"Munyamaze! Hapa ni nyumba ya eda. Mwenye anataka kupiga kelele aende kwa mama yake."

Walinyamaza.

"Bwana Hakimu. Mbele ya batu hawa. Nani alileta ordinatere kwa Mama Sumaya?"

"Bibi ya fundi," Hakimu alisema. "Dada yangu mwenyewe atakuambia."

"Bibi yake ni huyu." Bernardine alitoka nyuma ya pazia na sahani mkononi. "Alikaa na dada yako saa nzima ya swala, wakakunywa chai, na dada yako hakumujua. Sema tena. Nani alileta?"

"Basi ni fundi mwenyewe."

"Ah, sasa ni fundi." Zaina aliligusa pazia. "Sawa. Huku ndani eko mujane mu eda. Wanaume wote wenye mumesimama hapa, nani anaruhusiwa kuvuka hili pazia? Avuke, tumuone."

Hakuna aliyesogea. Jean-Berchmans alirudi nyuma hatua mbili, bila kuambiwa, kama mtu aliyezoea kujua mahali pasipo pake. Hata vijana wenye mawe waliliona hilo. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, upande wa ile kanzu nyeupe.

"Uvuke, Bwana Hakimu," Zaina alisema. "Si dada yako, baba mumoja mama mumoja? Kila asubuhi unavuka."

Tasbihi ilikuwa imekwama kidoleni mwa Hakimu.

Ndipo pazia likatikisika chini, na mkono usio na bangili ukasukuma nje birika la plastiki.

"Uingie, kaka," sauti ya Mama Sumaya ilisema. "Uingie ukunywe maziwa yako. Minye siwezi. Hizi siku zote ninamwaga."

Abdoul-Karim aliinama, akaliokota. Alifungua kifuniko, akanusa. Alinusa mara ya pili, kwa sababu hakutaka kuamini ya kwanza. Halafu akampa kijana aliyekuwa karibu naye, na yule kijana akanusa, akampa mwenzake, na birika likaenda likizunguka ua mzima.

"Ng'ombe zinakula!" Hakimu alipaza sauti. "Ng'ombe hazisali! Ile iko chakula cha mifugo, si pombe. Mu mufumo mupya kundi lake liko, lina jina, niliona mwenyewe mu orodha! Sikudanganya programu, ni programu yenyewe ina..."

Akasita. Alikuwa amechelewa kusita.

"Uliona mwenyewe," Zaina alisema. "Na leo asubuhi, mbele ya Komisa, hukuwahi kusikia hata jina."

"Ulichukua kidole changu nikiwa ninalia, Hakimu!" sauti ya nyuma ya pazia ilipasuka. "Nikiwa ninalilia mume wangu! Hija yake umeitia mu pombe, na ukanituma nimuue bwana ya muntu kwa mudomo wangu! Utoke mu nyumba yangu. Utoke!"

Komisa Herménégilde alikuwa anatazama viatu vyake. Zaina alimnyooshea mkono.

"Chef, kalamu. Sasa nitaandika PV, na nitaiandika mwenyewe."

Hakimu aliingia kwenye gari lilelile lililomleta fundi. Hakuna aliyemgusa. Vijana walikuwa wanatoa mawe mifukoni na kuyaweka chini taratibu, kando ya ukuta, wakijifanya hawajui yalifikaje huko.

Jean-Berchmans alikaa kwenye ngazi ya Mama Sumaya, akafungua kitambaa. Bernardine alimmiminia maji ya kunawa. Bugali ilikuwa imepoa na kukauka pembeni, ndagala zimeshikamana, lakini alimega, akachovya, akala mbele ya ua mzima. Walisimama wakamtazama anavyotafuna. Hakuna aliyeondoka, na hakuna aliyesema pole.

Mwishowe Abdoul-Karim alisogea, akakohoa.

"Fundi," alisema. "Urudi dukani, utuwekee tena ile chekeche yetu kama zamani. Kufuli zote tatu. Ulete na vyombo vyako."

Jean-Berchmans alimeza tonge lake kwanza.

"Vyombo vyangu viko mu Kalimabenge, muzee," alisema. "Mulivitupa wenyewe. Mwende mukavitafute."

Akamega tonge lingine.